Puto la Tarehe Kumi na Mbili

Jumatatu, 17 Februari

Daftari hili lilikuwa la kuandikia namba za pampu, lakini kiwandani walikosea mistari, na shefu, mkuu wetu wa kazi, akaniambia nilichukue nyumbani. Kazini naandika Kifaransa. Sokoni nasema Kirundi, tena vibaya, wanacheka. Humu nitaandika Kiswahili cha mama yangu wa Uvira, kwa kuwa hakuna wa kunisahihisha, na mimi kusahihishwa sikupendi.

Keshokutwa tunaanza. Maputo kumi na mawili, kila Jumatano saa saba mchana, hadi mvua za masika zipungue. Vituo vingine vya mpango huu viko visiwani, katikati ya bahari za nchi za joto, nao wanarusha siku hiyohiyo. Sisi wa Bujumbura hatuna bahari, tuna ziwa. Wametuingiza kwa sababu moshi wa mioto yetu ya kiangazi na radi zetu za masika hutengeneza ozoni, upepo huibeba mpaka juu ya Atlantiki, na wao wanataka kujua inaondoka huku ikiwa kiasi gani na kwenye kimo gani.

Tuko wanne, kwenye nyumba ya kupanga huko Kinindo yenye uwanja mpana nyuma. Adélaïde ndiye shefu. Mzee Melchior anajaza puto na kulirusha, kazi aliyoifanya miaka ishirini na miwili. Claude ni dereva. Mimi natayarisha kipimo chenyewe, na katika kazi hiyo sijawahi kukosea. Naandika hivyo bila aibu.

Jumatano, 19 Februari

La kwanza limepanda vizuri. Kilomita thelathini na moja, kisha likapasuka, kama inavyotakiwa.

Binti yangu Lisette ameniuliza mezani tunapimaje kitu kisichoonekana. Nikamweleza. Kisanduku cheupe cha povu gumu, chepesi kuliko kilo ya sukari. Ndani kuna pampu ndogo na vikombe viwili vya dawa ya maji. Pampu inavuta hewa kwa kimpira chembamba, ozoni ikigusa ile dawa inatoa umeme kidogo sana, na redio inatuletea namba chini kadiri puto linavyopanda. Kabla ya kurusha lazima tujue sifuri iko wapi. Kwa hiyo nachomeka kwenye mdomo wa kimpira kichujio, filtre kwa Kifaransa cha kazini, kichupa cheusi kilichojaa makaa, kirefu kama kidole changu. Kinakula ozoni yote, namba inashuka hadi sifuri, naiandika, nakichomoa, basi. Lisette akauliza, na ukisahau kukichomoa? Nikamwambia amalize wali wake.

Alhamisi, 20 Februari

Shefu ametuita sote. Mwezi wa sita kituo kimoja cha kisiwani, huko Atlantiki, kitapokea mtu mmoja kutoka kwetu kwa wiki mbili. Wamemtaka Mzee Melchior kwa jina. Waliona video ya mwaka jana, jinsi alivyorusha puto kwenye upepo wa mvua: alikimbia nalo upande, akalegeza kamba polepole, kisanduku hakikugusa chini. Wanataka awafundishe.

Mzee akaniuliza, "Mama Lisette, kwani bahari, upande wa pili haionekani kabisa?"

"Haionekani, Mzee."

"Hata milima?"

"Hata milima."

Alitikisa kichwa. Umri wake wote amelitazama ziwa lenye milima ya Kongo ng'ambo. Nilimwonea furaha ya kweli, naweza kuapa.

Jumatano, 26 Februari

La pili. Hakuna la kusema. Mvua.

Jumatatu, 3 Machi

Mvua tena. Nimemgombeza Claude kwa kuingia chumba cha maandalizi na viatu vya matope. Amejibu kwamba gari halina esansi, petroli imeadimika mjini, yeye hana pa kukaa, basi angalau akae pakavu. Nimemfukuza. Katika chumba kile kidole kichafu kinatosha kuharibu dawa.

Jumatano, 5 Machi

La tatu. Shefu amesifu fishi zangu mbele ya wote. Fishi ndiyo karatasi ya ukaguzi, mistari kumi na minne, kila mstari na tiki yake. Msimu uliopita mvua ililowesha tatu mpaka wino ukawa uji, ndipo nikaweka kanuni: masika fishi haitoki nje. Naijaza mezani, pamoja na tiki za yale machache tutakayoyafanya uwanjani. Mimi najijua, nikitia tiki nitafanya. Hata mdomo wa kile kimpira naukunja pamoja na kichujio chake chini ya kifuniko mvua isiingie, nje ndipo nauvuta, nachomoa kichujio, nafunga utepe.

Jumatano, 12 Machi

Nitaandika yote kwa utaratibu, kama fishi.

Asubuhi hapakuwa na basi hata moja Kinanira ninakokaa, esansi imekauka mji mzima. Nikashuka kwa miguu hadi Kinindo na mwavuli usiofunguka upande mmoja. Nikafika saa nne na nusu badala ya saa mbili. Maandalizi yanayochukua saa tano nikayafanya kwa saa mbili, na niliyafanya vizuri, hilo nalishikilia hata sasa. Nikajaza fishi. Tiki kumi na nne. Nikatia sahihi.

Saa saba kasoro dakika kumi, wingu jeusi likawa limeshuka juu ya ziwa na radi zinapiga upande wa Uvira. Adélaïde akatoka barazani. "Dakika tano, ama tunaacha. Radi ikifika hapa sirushi kitu."

Melchior alikuwa ameshika puto, linamvuta huku na huku. "Mama Lisette, kasanduku kako tayari?"

Kwa kawaida nje nasubiri dakika tatu, niione namba ya ozoni ya hapa chini kwenye kompyuta kabla ya kumpa. Leo sikusubiri. Nilivuta utepe, nikafunga kifuniko, nikasema, "Tayari, Mzee."

Upepo ukaja pale pale. Alikimbia nalo kuelekea ukuta wa majirani, kisanduku kikainama, karibu kulala, kisha akalegeza na vyote vikaondoka. Tukapiga makofi. Mimi pia.

Kwenye skrini mstari ulikuwa sifuri. Kilomita mbili, sifuri. Kilomita kumi, sifuri. Kilomita ishirini na tano, mahali ambapo ozoni ni nyingi kuliko kote, mahali mstari unapotakiwa kutoka nje kama tumbo la mjamzito, sifuri. Adélaïde alikaa mbele ya skrini mpaka puto likapasuka. Kisha akasema, "Dawa imemwagika. Umeona vile kasanduku kamelala?" Hakumtazama Melchior aliposema. Melchior alikuwa mlangoni, ameshika kofia.

Nikarudi chumbani kusafisha meza. Kila kitu kina shimo lake kwenye droo: sindano, koleo, chupa za kahawia, kichujio. Nilifungua droo kurudisha koleo, nikaona shimo la kichujio liko tupu.

Nilitafuta mifukoni. Nilitafuta chini ya meza, kwenye beseni, kwenye pipa la taka. Nilitafuta nikijua kiko wapi. Kilikuwa kinashuka na parashuti mahali fulani upande wa mto Rusizi, kimechomekwa kwenye mdomo wa kimpira, chini ya kifuniko nilichokifunga kwa mkono wangu. Kipimo changu kimepanda kilomita thelathini kikivuta hewa ambayo kichujio kimekwishaila ozoni. Hakuna dawa iliyomwagika.

Kabatini kuna kichujio cha akiba, kipya. Nikakitoa kwenye karatasi yake, nikakiweka kwenye lile shimo, nikaifunga droo. Karatasi nikaitia kwenye mkoba. Hakuna aliyeniona.

Alhamisi, 13 Machi

Mkutano. Adélaïde alikuwa na fishi yangu mkononi. Tiki kumi na nne. Mstari wa kumi na tatu: kichujio kimeondolewa.

"Fishi iko sawa," alisema. "Sasa tuambiane. Kulitokea nini?"

Mimi nilikuwa nimefungua mdomo. Nataka iandikwe hapa kwamba nilikuwa nimeufungua. Lakini Mzee Melchior akanitangulia. "Shefu, pengine ni mi. Upepo ilinivuta, kasanduku kakainama sana. Mukono ilikosa nguvu kidogo. Mama Lisette hawezi kosea hii kazi, tunamujua."

Adélaïde akanigeukia. "Pascaline, inaweza kuwa hivyo?"

Nikasema, "Inaweza."

Neno moja. Na si uongo kwa maana ya kitaalamu, dawa ikimwagika mstari unakuwa sifuri vilevile. Nimejieleza hivyo mchana kutwa.

Ijumaa, 14 Machi

Shefu ameamua: mpaka mwisho wa msimu Claude atarusha, Mzee atakaa getini. Amelisema kwa heshima, akaleta kiti chenye mto.

Jumatano, 19 Machi

La tano. Claude alikimbia nalo kama anafukuzwa na nyuki, likakwaruza mparachichi, likapasuka. Ikabidi kujaza jingine. Melchior alisimama kwenye kiti getini aone. Lilipopanda la pili alipiga makofi peke yake.

Jumatatu, 24 Machi

Barua imetoka kisiwani. Kwa hali iliyotokea, wanapendekeza safari apewe mtayarishaji wa vipimo, kwa kuwa fishi zake ni za mfano. Fishi zangu. Za mfano.

Adélaïde alidhani nitaruka kwa furaha. Nilimwambia nina tumbo, nikaenda chooni nikakaa huko mpaka nikasikia Claude anauliza kama nimezirai.

Nilipotoka Melchior alishasikia. "Hongera, Mama Lisette. Utatuletea picha." Paspoti yake alikuwa tayari ameichukua, iko kwenye mfuko wa plastiki, nilimwona akiirudisha kwenye koti. Nikamwambia asante. Nilimwambia asante.

Jumatano, 26 Machi

La sita. Sikusema na mtu.

Jumatano, 2 Aprili

La saba. Mvua siku nne mfululizo. Wanasema Gatumba, kando ya Rusizi, maji yameingia tena majumbani, watu wanalala kwenye shule.

Jumamosi, 5 Aprili

Musafiri ameniuliza kwa nini siku hizi sigombani na mtu. Mume wangu ni mwalimu, anamjua mwanafunzi aliyekopi kwa kumtazama shingo. Nimemjibu nimechoka. Akasema, "Uchovu gani unakufanya mtu mzuri?" Nikamgombeza kidogo ili atulie.

Jumatano, 9 Aprili

La nane. Nimeanza kumwogopa Mzee Melchior. Kila asubuhi anasimama kunifungulia geti dogo, ingawa naweza kulifungua mwenyewe, na kila Jumatano jioni anauliza, "Ya leo ilipanda vizuri?" Nimejikuta nikitafuta makosa yake. Kwamba anaongea sana. Kwamba kweli amezeeka. Kwamba kukaa kwenye kiti chenye mto si mateso. Nimeandika haya niyaone yalivyo.

Jumatano, 16 Aprili

La tisa. Mstari mzuri, tumbo lake zuri. Zote nzuri isipokuwa moja.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Ijumaa padri alikaa kwenye kiti cha maungamo mchana kutwa, foleni ilifika mlangoni. Nilipanga foleni mpaka wakabaki watu watatu mbele yangu, nikatoka. Sikuogopa kusema dhambi. Niliogopa atanituma niende nikaseme getini.

Jumatano, 23 Aprili

Puto la kumi lilikuwa limepanda, nikasikia Claude ananiita. Getini alisimama mwanamke wa makamo, miguu yote matope mpaka magoti, na kichwani, juu ya ngata ya kitenge, kisanduku chetu cheupe kimefungwa kamba ya katani. Melchior alikuwa anamsaidia kukiteremsha.

Jina lake Nsimire, anauza unga wa muhogo mpakani Gatumba. Anatoka Bukavu.

"Ilikuwa juu ya bati ya jirani," alisema. "Maji ilipopunguka ndiyo tukaiona. Wengine wakasema ni hii inaita mvua, tuichome moto. Mi nikasoma karatasi. Imeandikwa, si hatari, tafadhali muturudishie. Nikasema, mutu akiandika tafadhali, kitu yake anaihitaji."

Ile karatasi niliiandika mimi, Kiswahili na Kirundi na Kifaransa.

"Umetoka Gatumba kwa miguu?"

"Velo, baiskeli ya kukodi, ilinifikisha soko. Kutoka pale, miguu." Akacheka. "Nilifungua kufuta maji tu. Hakuna kitu nilitoa. Hata kale kachupa keusi kwenye kamupira, mutoto alitaka kukachezea, nikakataza. Kako mule mule."

Melchior alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwake. Alikiinua kisanduku kwa mikono miwili, akakibana kifuani, akakileta kwangu akitembea polepole, hatua kwa hatua, macho chini, kama mtu abebaye sufuria ya uji wa moto. Sikuelewa kwa nini anatembea vile. Akasema, "Shika vizuri, Mama Lisette. Mi siiamini mikono yangu."

Nilimpa Nsimire chai na mkate. Kisha nikaingia chumbani, nikafunga mlango, nikakata kamba. Kilikuwa pale. Kimebadilika rangi kidogo upande mmoja. Nikakichomoa, kikatoa sauti ndogo ya kizibo, nikakitia kwenye mkoba. Nikafungua vikombe vya dawa, nikamwita Adélaïde, nikamwonyesha kwamba vimekauka. Bila shaka vimekauka, wiki sita juani na mvuani. Akasema, "Basi, ni hivyo." Nikasema ni hivyo.

Sasa hakuna anayeweza kujua. Kichujio kimo nyumbani, kwenye kopo la vifungo, chini ya sindano za cherehani.

Ijumaa, 25 Aprili

Nilidhani nitapumua. Nimeshona vifungo vitatu ambavyo havikuwa vimekatika, nipate tu kulifungua kopo.

Jumatatu, 28 Aprili

Béatrice, mke wa Melchior, huleta chakula cha mumewe mara mojamoja. Leo hakumkuta, alikuwa ametumwa posta. Akaja akakaa kwangu barazani, akaweka kikapu kati ya miguu, akaanza kwa salamu ndefu. Kisha akasema:

"Mama Lisette, nikuulize kitu. We unafanya naye kazi. Mikono yake inatetemeka kweli?"

"Kwa nini, Mama?"

"Tangu ile siku ya puto, anasema mikono yake imekufa. Kikombe anakishika na mikono mbili. Kunyoa ndevu, anaita muvulana wa jirani. Tulienda kwa daktari, daktari akasema muzee, hauna kitu. Anasema daktari ni mutoto, hajui. Na mujukuu..." Hapo akakunja ncha ya kitenge. "Binti yetu Elsa amezaa mwezi uliopita. Mujukuu wa kwanza. Hajamubeba hata siku moja. Ukimupa, anarudisha mikono nyuma. Anasema, kasanduku nilishindwa, nitaweza mutoto?"

Nilimtazama usoni mama yule. Nikasema, "Mimi sijaona itetemeke."

Akashukuru. Akasema maneno yangu ni dawa, atamwambia mumewe kwamba Pascaline mwenyewe amesema, pengine ataamini. Akaniachia maharagwe kwenye bakuli.

Nimekaa na bakuli lile mbele yangu. Nilidhani nimemwibia safari, na kwamba safari ni kitu kinachoweza kusahaulika. Kumbe tangu mwezi wa tatu mtu yule anaishi na mikono anayoiogopa, na mimi ndiye niliyempa. Nina aibu. Siijui namna nyingine ya kuiandika. Nina aibu mbele ya bakuli la maharagwe.

Jumanne, 29 Aprili

Nilifika kabla ya wengine. Alisimama kunifungulia. Nikamwambia, "Mzee, kaa. Nyoosha mkono."

Akaunyoosha akidhani nampa ufunguo. Nikakiweka kichujio kwenye kiganja chake. Alikijua mara moja, maputo ya miaka ishirini na miwili yamemfundisha kila kitu kilichomo.

"Kilikuwa kwenye lile la tarehe kumi na mbili," nikasema. "Nilikisahau. Dawa haikumwagika, Mzee. Mikono yako haikufanya kitu. Nilijua siku ileile."

Alikigeuzageuza. Mkono haukutetemeka hata kidogo, na sote wawili tulikuwa tunautazama.

"Siku ileile," akasema.

"Ndiyo."

"Yule mama wa Gatumba alisema kachupa keusi. Mi nilimusikia. Nikajiuliza, kachupa gani? Kisha nikasema, apana, Pascaline hawezi. Nikajikataza kufikiri vibaya juu yako." Hakuniita Mama Lisette. "Mutu anaweza kusahau. Mi nimesahau vitu mingi kwa hii kazi. Lakini ulikuwa unapita hapa kila siku. Unanisalimia."

Nikasema, "Nisamehe."

"Apana," akasema, bila kupandisha sauti. "Leo apana. Wacha kwanza nikasirike, sijapata nafasi."

Akanirudishia kichujio. Akaniambia, "Peleka kwa shefu. Mi sikupelekei."

Nikapeleka. Adélaïde alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba nirudie tangu mwanzo, naye akaandika. Alipofika kwenye karatasi ya kichujio cha akiba niliyoificha mkobani aliweka kalamu chini. "Kosa la kusahau ningeliandika mistari miwili na tungecheka," akasema. "Hii nyingine sijui niiandikeje." Aliandika hata hivyo.

Jumatano, 30 Aprili

La kumi na moja. Nilitayarisha Adélaïde akiwa amesimama nyuma yangu saa zote tano. Ni haki yake.

Katika mpango huu kipimo kibaya hakifutwi. Kinabaki na namba zake, na juu yake inawekwa sababu, ili atakayesoma hata miaka ishirini ijayo ajue. Nimeiandika mwenyewe: 12 Machi, kichujio hakikuondolewa, kosa la mtayarishaji, fishi ilijazwa kabla ya kazi kufanyika. Jina langu kamili. Itasomwa visiwani kote, Atlantiki na Hindi na Pasifiki, na watu ambao hawatajua kitu kingine chochote juu yangu.

Ijumaa, 2 Mei

Kisiwani wamejibu. Wanasikitika. Nafasi ya Bujumbura imeshapewa kituo kingine tangu Adélaïde alipoliondoa jina langu, na tiketi haibadilishwi. Hatakwenda mtu.

Nilitaka nimwambie mwenyewe. Nilimkuta anasafisha mpira wa kujazia puto, maana amerudishwa kazini kwake, kile kiti sasa anakikalia Claude. Alinisikiliza. Akauliza, "Na mwaka kesho?"

"Hawajasema."

"Mwaka kesho nitakuwa nimeshastaafu." Akaendelea kufuta. Kisha akasema, "Jana nilimubeba mutoto. Ni muzito, yule." Alisema akiutazama mpira, hakuniangalia. Sikujua kama ananipa kitu au ananinyima. Nikasema nimefurahi, nikaondoka.

Jumatano, 7 Mei

La mwisho.

Mvua imepungua, ziwa limetulia, milima ya Uvira inaonekana mpaka vijumba. Esansi imefika, Claude ameosha gari bila kuambiwa. Nilitoka nje na fishi kwenye ubao, ndani ya mfuko wa plastiki, na mstari wa kumi na tatu mtupu. Kanuni yangu ya zamani nimeifuta, hiyo ni kanuni mpya.

Na kuna nyingine, hii ni ya Melchior. Ameomba ruhusa kwa Adélaïde na Adélaïde amekubali, na kuanzia leo itafanyika hivyo kila puto, msimu huu na mingine, awepo yeye au asiwepo. Kabla ya kukipokea kisanduku, mrushaji atauliza kwa sauti, na mtayarishaji atajibu kwa kuonyesha, si kwa kusema.

Namba ya ozoni ya chini ilionekana, nikasubiri dakika zangu tatu. Shefu alikuwa barazani, Claude kwenye gari, na ukutani majirani walikuwa wamejipanga kutazama puto la mwisho. Mzee Melchior alilishika kwa mkono mmoja, mkono wa pili ameunyoosha kwangu lakini hajagusa kisanduku. Akaita kwa sauti ambayo majirani wote waliisikia:

"Pascaline. Filtre iko wapi?"

Uso uliniwaka mpaka masikioni. Nikafungua mkono, kichujio kikiwa kiganjani, nikaunyanyua juu, wakaona wote.